NENO LA TABIBU NI NUSU YA DAWA



Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme twasoma habari za Naamani, jemadari wa Shamu, mwenye ukoma. Nabii Elisha alimtuma mjumbe tu kumwagiza akaoge mara saba katika mto Yordani. Naamani akakasirika, akageuka aende zake. Waliomwokoa ni watumishi wake: walimwita baba, wakasema naye kwa upole, naye akashuka mtoni akatakasika. Dawa ilikuwapo tangu mwanzo. Lililokosekana ni neno jema.

Hayo twayakumbuka kwa ajili ya mama mmoja aliyetujia. Alipasuliwa kwa saratani ya titi, kisha akapewa vidonge vya tamoksifeni, kimoja kila siku. Baada ya miezi minane akaviacha. Usiku joto lilimpanda na jasho likamtoka, akadhani dawa inamwua. Tena kovu limekwisha kupona, akajiona mzima. Hospitalini aliambiwa neno moja tu: "Meza."

Yafaa kila jamaa ya Kikristu ijue. Saratani nyingi za titi hukuzwa na homoni iitwayo estrojeni. Tamoksifeni hukalia mahali pale ambapo homoni hiyo ingeishika chembe ya saratani, hata chembe iliyosalia mwilini bila kuonekana. Ndiyo sababu humezwa miaka 5, na pengine 10, ingawa mgonjwa hana maumivu. Majaribio mengi yaliyokusanywa na kutangazwa mwaka 2005 yalionyesha kwamba, kwa wanawake wenye saratani ya namna hiyo, miaka 5 ya dawa hii hupunguza vifo vya ugonjwa huo kwa karibu theluthi moja. Joto na jasho ni mambo ya kawaida. Lakini mguu ukivimba na kuuma, pumzi ikibana ghafula, au damu ikitoka isivyo desturi, daktari aambiwe mara moja.

Basi, enyi matabibu na wauguzi, semeni sababu ya dawa, muda wake, na taabu zake kabla hazijafika. Mgonjwa arudipo, mwulizeni bila kumkaripia amekosa siku ngapi. Maana aogopaye kukemewa husema uongo, na uongo huo humgharimu uhai. Nanyi mama zetu, msiache dawa kimyakimya, ulizeni. Waume, fuataneni nao kliniki, mkasikie wenyewe. Wala mtu asiseme kwamba sala yatosha bila kidonge: Yoshua bin Sira afundisha kumheshimu tabibu, kwani Mungu ndiye aliyemwumba, na dawa pia.

Mama yule alirudi. Mwuguzi mmoja aliketi naye, akamweleza yote, na leo anameza tena.

Bwana wetu, kabla ya kumponya kipofu wa Yeriko, alimwuliza kwanza alitaka nini. Tabibu aulizaye na kusikiliza anafuata nyayo zake.