Haya na Elimu: Nasaha kwa Vijana Waingiao Chuo Kikuu na kwa Wazee Wao

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na Sahaba zake. Amma baad.

Ndugu zangu Waislamu, kijana mmoja niliyemsomesha tangu alifu alirejea kwao kabla ya kutimiza mwaka wake wa kwanza wa Chuo Kikuu. Hakufukuzwa, wala masomo hayakumshinda, wala baba yake hakukosa ada. Kilichomrejesha ni haya. Aliniambia: "Maalim, tulikuwa mamia katika ukumbi mmoja. Kila nikitaka kuuliza, moyo hunidunda na ulimi huwa mzito. Nikawa nala peke yangu na kusali peke yangu, hata mlango wa chumba changu ukanishinda kuufungua." Na baba yake alipomwona, alimwambia mbele ya majirani ya kuwa amemtia aibu. Kijana akainamisha kichwa, asijibu neno.

Karatasi hizi nimewaandikia wawili hao, na wa tatu wao ni mimi.

Tuanze na mzee. Katika Sahihi ya Imam Bukhari imepokewa kwa Abdullahi bin Umar (R.A.) ya kuwa Mtume (S.A.W.) alimpita mtu katika Ansari akimlaumu nduguye kwa wingi wa haya yake. Mtume akamwamrisha amwache, akabainisha kuwa haya ni katika imani. Tazameni: aliyekatazwa ni mwenye kulaumu, si mwenye haya. Mzee amwitaye mwanawe mwoga hamtii ushujaa; humzidishia haya juu ya haya.

Tuje kwa kijana. Katika kitabu hicho hicho, na kwa Abdullahi huyo huyo, imepokewa khabari ya pili. Mtume aliwauliza Sahaba zake ni mti gani usiopukutika majani, ambao mfano wake ni mfano wa Mwislamu. Fikira za watu zikaenda kwenye miti ya nyikani. Abdullahi alijua moyoni mwake ya kuwa ni mtende. Lakini alijiona ndiye mdogo wao, na Abubakari na Umar wamenyamaza, naye akaona haya akanyamaza. Jawabu akaitoa Mtume mwenyewe. Baadaye Abdullahi alimweleza baba yake, na Bwana Umar hakumfedhehi. Alimwambia tu ya kuwa lau angalisema, lingalimpendeza kuliko kadha wa kadha.

Ziwekeni khabari hizi mbili pamoja. Ya kwanza yatufunza kuwa haya ni tabia njema, isiondolewe. Ya pili yatufunza kuwa kuna kunyamaza kunakomkosesha mtu kheri. Imam Nawawi, katika sherehe yake ya Sahihi Muslim, amenukuu kwa Ibn Salah ya kuwa kile kimzuiacho mtu kutimiza haki si haya ya kweli bali ni unyonge, na watu hukiita haya kwa kufananisha tu. Na Bibi Aisha (R.A.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Na katika Suratul Qasas, yule binti wa Madyan alimwendea Nabii Musa akitembea kwa haya. Lakini alifika, na ujumbe wa baba yake akautoa wote.

Na huyo Abdullahi aliyenyamaza siku ile, ndiye aliyepokewa Hadithi 2,630, hapana aliyemzidi ila Abu Huraira. Na kwa elimu yote hiyo, akiulizwa asilolijua alisema: sijui. Basi wewe kijana, waogopa nini kuonekana hujui? Kutokujua ndiko kulikokupeleka huko.

Sasa nikiri langu. Kwa miaka mingi chuoni kwangu nalimsifu mtoto anyamazaye, na aliyeuliza "kwa nini" nalimwonyesha fimbo. Huko Chuo Kikuu anyamazaye hudhaniwa amefahamu, naye huachwa nyuma. Basi nalikuwa namfunza mtoto kuogopa maji, kisha nikampandisha jahazi. Mwenyezi Mungu anisamehe. Walimu wenzangu, tuwape watoto ruhusa ya kuuliza wangali mikononi mwetu.

Ewe kijana, shika mambo manne. Kwanza, tanguliza salamu. Umefunzwa ya kuwa aendaye humsalimu aliyekaa, na wachache huwasalimu wengi, basi usingoje kusalimiwa. Pili, usisali peke yako. Sala ya jamaa ina daraja ishirini na saba, na mtu uliyesimama naye bega kwa bega alfajiri si mgeni kwako adhuhuri. Tatu, andika suali lako kabla ya darasa. Na ukumbi ukikutisha, mfuate mwalimu baada ya kutoka umuulize peke yake. Nne, haya isikufanye uifiche dini yako: ukiletewa usilolihalalisha, sema kwa upole, "Mimi situmii," na yatosha. Na uchungu ukizidi, mwambie mtu ungali mapema, usingoje hata mlango ukushinde.

Na wewe mzee, mpigie simu mwanao, wala usimuulize alama zake tu. Muulize pia amekula na nani. Nabii Musa, naye ni Mtume, alimwomba Mola wake amkunjulie kifua na amfungue fundo la ulimi wake, kisha akaomba apewe nduguye Haruni awe msaidizi wake. Haikuwa aibu kwake kuomba mwenzi, basi isiwe aibu kwa watoto wetu.

Kijana yule amerejea masomoni. Baba yake alimchukulia sanduku lake hata kituo cha basi, akasimama naye mpaka basi likaondoka.

Mwenyezi Mungu awafungue vijana wetu ndimi zao, na haya zao aziache zilivyo. Amin. Wabillahi ttaufiq.