Kuvuta kwa Pumzi Moja



Katika michezo ya SHIMIWI, inayowakutanisha watumishi wa wizara na idara za serikali Tanzania, kuna mchezo wa kuvuta kamba. Watu 8 kila upande. Hapo dereva anaweza kusimama mbele ya mkurugenzi, karani nyuma ya mhasibu: visigino vimechimba ardhi, migongo imelala nyuma, masikio yote kwa kocha anayehesabu. Wenye misuli wakivuta kila mtu kwa wakati wake, hukokotwa na wembamba wanaovuta kwa pumzi moja.

Ila mchezo peke yake hauponyi ofisi. Bosi akikaa kivulini na soda yake huku wengine wakitoka jasho, Jumatatu kila mtu atarudi kwenye kona yake, na jalada la mwananchi litalala mezani kwa sababu “hiyo si kazi yangu”. Kidole kimoja hakivunji chawa, wala bonanza moja la michezo halijengi umoja.

Leo ukifika kazini, kabla hujawasha kompyuta, muulize mwenzako amekwama wapi, kisha umsaidie. Nakutakia kazi njema.