Kusoma Baada ya Kosa

Kabla ya mtihani wa kidato cha nne, babangu aliniambia: "Ukipita, karo ikipatikana utaenda chuo, la sivyo utakuja kunisaidia dukani." Nilipita. Karo ikapatikana, kwa shida. Mwaka wa pili nikaacha chuo. Mpaka leo sijui ile "la sivyo" ilikuwa ya mtihani au ya karo.

Kichanganuzi, yaani sehemu ya kompaila inayosoma muundo wa msimbo, hukutana na fumbo hilohilo. "Kama" ni mbili, "la sivyo" ni moja: ni ya nani? Utata huu ulionekana tangu enzi za lugha ya ALGOL 60. Lugha ya C huukata kwa kanuni: "la sivyo" ni ya "kama" iliyo karibu zaidi. Si kwamba kanuni inajua ulichokusudia. Ila imetangazwa mapema, na ni ileile kwa kila mtu. Ukitaka maana nyingine, weka mabano.

Kosa ni jambo lingine. Ukisahau nukta-mkato, kichanganuzi kinaweza kusimama papo hapo. Vingi havisimami. Hutupa vipande vya msimbo kimoja baada ya kingine hadi mahali pa kuaminika, tuseme nukta-mkato inayofuata, kisha huanza kusoma tena. Programu haitatoka, hilo halina mjadala. Lakini utaonyeshwa na makosa yaliyo mbele. Shida ni kwamba kosa moja huzaa mengine ya uongo: lawama ukurasa mzima, kumbe kilichokosekana ni alama moja.

Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Nilisema, "Nimeacha chuo." Baba akasikia: anavuta bangi, amempa mtu mimba, anatudharau. Kila nilichoongeza alikisoma kupitia sentensi ile. Nami pia, tangu siku hiyo, kila swali lake nimelisikia kama lawama.

Shangazi alijaribu huruma. Akawaambia watu eti niko likizo ndefu. JavaScript hufanya hivyo: ukivunja mstari baada ya neno la kurudisha jibu, inakuwekea nukta-mkato yenyewe, kimya kimya. Jibu lako linaachwa nje, na programu inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Kumsahihisha mtu bila kumwambia ni upole, sawa, lakini si kumsikiliza.

Mimi naona afadhali Yacc, programu ya kutengeneza vichanganuzi iliyoandikwa na Stephen Johnson huko Bell Labs miaka ya 1970. Ikikuta kosa, inalitaja. Halafu inashika ulimi: haitangazi kosa jipya mpaka isome sawasawa tokeni tatu, yaani vipande vitatu vya msimbo. Ni kama inakiri kwamba huenda si wewe unayekosea tena. Huenda ni yenyewe haijapata uzi.

Kwa hivyo simtaki baba aseme sikukosea. Kosa lisemwe, na mahali pake paonyeshwe. Kisha tunyamaze kidogo, sote wawili, kabla ya kuhesabu jingine.

Juzi alipiga simu akauliza kama nimekula. Nikajibu, hakubisha. Akauliza kazi inaendaje. Nikamweleza, akasema, "Haya."

Hizo ni mbili.