Deni Lisiloandikwa Katika Mkataba

Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji limekwisha jengwa. Mkataba wa ujenzi ulitiwa sahihi mwezi Desemba 2018. Maji yakaanza kuzuiwa Desemba 2022. Mtambo wa kwanza ukaanza kutoa umeme mwaka 2024, na katika mwaka 2025 mitambo yote 9 ilikuwa tayari. Kila mtambo una nguvu ya megawati 235, na yote pamoja ni megawati 2,115. Mengi yamekwisha semwa juu ya ukuta ule na juu ya fedha zake, shilingi zaidi ya trilioni 6. Machache yamesemwa juu ya mikono iliyoujenga. Leo twataka kuuliza swali moja: mtu aliyefanya kazi katika ujenzi wa namna hii, akapewa ujira wake wote kama ulivyoandikwa, je, bado yuko anayedaiwa kitu kwa ajili yake?

Wako watakaojibu upesi kwamba hayuko. Watasema: walipatana, akafanya kazi, akalipwa, wakaagana. Jibu hili si la kudharauliwa. Mwajiri anayetoa ujira kamili kwa siku yake ni bora mara nyingi kuliko yule anayetoa maneno matamu na kuchelewesha mshahara. Basi hatusemi kwamba mapatano ni kitu kidogo. Twasema kwamba si haki yote, na sababu yetu yatoka katika tabia ya kazi yenyewe.

Kazi ya mkulima hurudi kila masika. Mvuvi akirudi leo, kesho bahari ingalipo. Lakini kazi ya kujenga bwawa hujimaliza yenyewe. Kila zege linalomwagwa vizuri humpunguzia aliyelimwaga siku zake za kazi, na kadiri anavyofanya bidii, ndivyo anavyoikaribia siku ya kuambiwa aende zake. Wakati wa ujenzi huhitajiwa maelfu: wa kuchimba, wa kufunga nondo, wa kuchomelea vyuma, madereva na wapishi. Siku ukuta unapokwisha, mitambo huzungushwa na maji, na maji hayadai mshahara. Hubaki watu wachache, wahandisi na mafundi wa kuangalia vipimo kwa zamu usiku na mchana, pamoja na walinzi. Ndivyo ilivyo Hale, kituo kilichoanza kazi mwaka 1964, na ndivyo ilivyo Kidatu, kilichoanza mwaka 1975.

Hilo si kosa la mtu. Ndiyo faida ya umeme wa maji, kwamba gharama yake kubwa huwa mwanzoni, na baadaye mto hutenda kazi kwa matumizi madogo. Lakini yatupasa kuangalia ni nani anayebeba upande upi. Faida twaipata sisi sote, kwa miaka mingi, kila tunapowasha taa. Hasara ya kazi kwisha humwangukia kibarua peke yake, kwa siku moja.

Sheria imeliona jambo hili kwa sehemu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 huagiza kwamba mwajiri anapomwachisha mtu aliyemtumikia mwaka mzima au zaidi, amlipe kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka kamili, mpaka miaka 10. Tupige hesabu. Mtu mwenye kukistahili, aliyefanya kazi miaka 4, kwa kiasi hicho cha chini atapata mshahara wa siku 28. Hautamtosha hata mwezi mmoja. Hata tukiuzidisha mara tatu, utakwisha, maana fedha ya mtu asiye na kazi haikai.

Kiko kitu kimoja ambacho hakiishi kwa kutumiwa, nacho ni ujuzi. Mtu aliingia akiwa kibarua wa kubeba nondo. Akaangalia, akauliza, akashika koleo. Mwaka wa tatu akawa anafunga nondo kwa kusoma ramani, au anachomelea vyuma ambavyo uhai wa watu wautegemea. Ujuzi ameupata. Lakini akienda kuomba kazi mahali pengine, huulizwa cheti. Kama hana, huanza tena chini, akalipwa ujira wa kibarua kwa kazi ya fundi mchundo. Hapo ndipo twaona dhuluma. Anayemtumia fundi huku akimwita kibarua kwa kuwa hana karatasi, achukua mali ya mtu bila ya kuilipa. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni.

Wala njia ya kuondoa dhuluma hii si ya kutafutwa mbali. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, yaani VETA, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1994, huwapima watu waliojifunza ufundi kazini bila ya kupita chuoni, na anayefaulu hupewa cheti. Basi twaona kwamba katika mkataba wa kila ujenzi mkubwa unaolipwa kwa fedha ya wananchi iandikwe hivi: kabla ya siku ya mwisho, kila mfanyakazi atakaye apimwe ufundi wake palepale kazini, kwa gharama ya ujenzi wenyewe. Mbele ya matrilioni, gharama hiyo ni tone katika bwawa.

Juu ya wataalamu wageni pia sheria ipo. Sheria ya mwaka 2015 ya kuratibu ajira za wasio raia humtaka mwajiri awe na mpango wa kumrithisha raia ujuzi wa mgeni. Neno hili ni zuri, lakini mpango ulioandikwa haujawa urithi. Kumsimamisha kijana nyuma ya mgeni miaka miwili, ashike taa na kupokea vifaa, si kumfundisha. Kipimo cha kweli ni kimoja: mgeni akiisha kwenda kwao, mwana wa nchi aweza kuufungua mtambo, kuuona ubovu wake, na kuufunga tena ukazunguka?

Tutaambiwa kwamba bwawa ni la umeme, si shule, na kwamba kila shilingi ya mafunzo itaongezwa katika bei anayolipa mnunuzi maskini. Twaijali hoja hiyo. Lakini mtambo unaokusudiwa kutumika miaka mingi hauna budi kuharibika na kutengenezwa mara nyingi, na nchi isiyo na mafundi wake hulipa nauli na ujira wa fundi wa mbali kila mara. Anayekwepa gharama ya kufundisha leo, amwachia mwanawe deni kubwa zaidi.

Wengine watasema kwamba fundi mwenye cheti atakimbilia penye mshahara mnono. Huenda ikawa hivyo. Lakini mtu si mtambo wa kukazwa sakafuni kwa skrubu. Ujuzi wake ni wake, na anayetaka abaki na amlipe ipasavyo. Tena akienda kujenga katika mto mwingine wa nchi hii, au wa jirani zetu kama Rwanda na Burundi ambao tunashirikiana nao kituo cha Rusumo chenye megawati 80, kazi yake haikupotea.

Haki hii ina wajibu wake upande wa pili. Mfanyakazi anayedai cheti lazima awe anauweza ufundi anaoutaja. Cheti cha uongo ni uovu popote, lakini katika kituo cha umeme ni hatari, maana wanaokaa chini ya ukuta hulala usingizi wakimtegemea mtu wasiyemjua. Kadhalika fundi mkongwe anayewaficha vijana ujuzi wake, ili aonekane hapatikani mwingine, atenda vibaya. Alifundishwa kwa vyombo na umeme wa watu wote. Alichopokea kwa jamii hana ruhusa ya kuzikwa nacho.

Basi jibu letu ni hili. Ujira ulioandikwa humlipa mtu kwa siku zake. Haumlipi kwa kuwa kazi yake ilikwisha kwa sababu aliifanya vyema, wala haumlipi kwa ujuzi tulioutumia bila ya kuutaja jina. Deni hilo halimhusu mwajiri peke yake. Latuhusu sote tunaotumia umeme ule. Mito ya nchi hii bado inayo maporomoko ya kujengwa, na mikataba mingine itaandikwa. Wenye kuiandika waulizwe mapema, kabla kalamu haijashikwa: siku kazi itakapokwisha, kila mtu ataondoka na nini?