Majani Mawili ya Kunde

Chakula kikipungua nyumbani, nani ale kwanza? Suali hili ni kongwe kuliko vitabu vya falsafa, na aghalabu tunaliuliza kwa mifano ya wafalme na mawalii. Hapa nalitwaa kutoka mahali pa chini zaidi, katika mche wa kunde.

Mwaka 1999 B. B. Singh na wenzake, wa taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha nchi za joto (IITA) huko Nigeria, walieleza jaribio jepesi kabisa. Walipanda kunde za mbegu mbali mbali katika masanduku ya mbao yenye udongo wa kina kifupi, mizizi isipate pa kukimbilia, kisha wakazikatia maji. Miche iliyostahimili ikawa ya namna mbili. Ya kwanza ilisita kukua. Majani ya mwanzo na kichipukizi yakasinyaa kidogo kidogo, hata vyote vikafa takriban kwa wakati mmoja. Ya pili iliyaacha majani yake mawili ya mwanzo yanyauke na kupukutika mapema, ilhali kichipukizi kikaendelea kukua polepole na kudumu zaidi.

Tabia hizi hurithiwa. Kunde, ambayo ramani ya jeni zake ilichapishwa mwaka 2019, ina jeni karibu 30,000, na nyingi hushiriki katika kuupokea ukame. Mojawapo, waliyoitenga watafiti wa Japani mwaka 2000, husaidia kutengeneza asidi ya absisiki, homoni inayoyaamuru matundu ya majani yajifunge. Yakijifunga, maji hayatoki. Lakini na ile hewa ambayo mche huifanya chakula haiingii. Basi hata kujizuia kuna njaa yake.

Mpenda usawa atausifu mche wa kwanza: kiu ya mmoja ni kiu ya wote. Mpenda kafara atausifu wa pili: wakubwa wamejitoa ili mdogo aishi. Nasi wapenzi wa tungo, nadhani, tutavutwa na huu wa pili, kwani machozi yake yako karibu.

Mimi naona sifa zote mbili zimekwenda kombo. Jani halikujitoa, limekatiwa maji. Lugha yetu imeiweka tofauti hiyo katika silabi moja, na ni ajabu jinsi tunavyoipita bila ya kuitazama. Iondoe "ji" katika kujitoa, kinachobakia ni kutoa, na huyo aliyetajwa amekwisha kuwa kitu cha kutolewa.

Sasa mtazame mama anayekula mwisho, tunayemsifu kwa ukoko aliouridhia. Huenda ameridhia kweli. Mapenzi hayangoji kuulizwa, atasema msomaji, na wala simpingi. Nauliza jambo dogo tu: lau siku moja angesema "leo naanza mimi", nyumba ingemsikiliza? Ikiwa neno hilo halisemeki, basi hatujui kama aliridhia, na sifa zetu zinafunika jambo ambalo hatukulichungua. Kadhalika kijiji kinachopongezwa kwa subira yake huku mfereji ukipita kwenda kwa wengine. Subira huenda wanayo. Lakini ufunguo wa mfereji hawakupata kuushika.

Sisemi kwamba mche wa kwanza ndio wa haki. Kufa pamoja pia hakukuamuliwa na yeyote, na mvua ikichelewa siku chache tu, usawa wake hauachi kichipukizi hata kimoja. Mtafiti anayechagua mbegu ya namna ya pili hana la kujuta: anaangalia mavuno, na jani halina kauli ambayo yeye ameinyamazisha. Mwenye upawa jikoni hana udhuru huo. Wale anaowapakulia wamekaa mbele yake, na wanaweza kusema.