Je, Aliyehama Amekataa Kwao?

Wazee husema: Mkataa kwao ni mtumwa. Neno hilo ni la kweli. Lakini je, kila mtu aondokaye kwao amepakataa? Mfano wa watu wa kisiwa kimoja wafaa kutujibu.

Tristan da Cunha ni kisiwa kidogo katika bahari ya Atlantiki, mbali sana na pwani ya Afrika. Kina kijiji kimoja tu. Watu wake hulima viazi, hufuga ng'ombe na kondoo, huvua samaki na kamba. Mwezi wa Oktoba 1961 nchi ilipasuka karibu na kijiji, ikatoa mawe ya moto. Watu wote, zaidi ya 250, wakakimbia kwa mashua. Kisha meli zikawafikisha Uingereza.

Huko walipokewa vema. Wakapewa nyumba, wakapata kazi yenye mshahara, na watoto wakasoma. Lakini baridi na magonjwa viliwasumbua, na moyo wao ulikuwa kisiwani. Moto ulipotulia wakaomba kurudi. Mwezi wa Desemba 1962 wakapiga kura: watu 148 walitaka kurudi, 5 tu hawakutaka. Mwaka 1963 wengi wakarudi. Wachache wakabaki Uingereza.

Basi mtu aweza kusema: Waliorudi ndio wana wa kweli, waliobaki ni watumwa. Asifanye haraka kuhukumu. Mwaka 1966 watu zaidi ya 30 walihama tena kwenda Uingereza, wala safari hiyo hawakufukuzwa na moto. Je, upendo wao ulikuwa umekufa? Sivyo. Mtu aliyekaa mahali pawili, moyo wake hugawanyika: akiwa ugenini hulilia kwao, akiwa kwao hukumbuka ugenini. Huo ni uchungu, si dhambi.

Hata hivyo, kuondoka si jambo jepesi. Katika kijiji cha watu wachache, mashua yahitaji mikono yote. Aondokaye huacha kasia lake, na mwingine sharti avute kwa nguvu mara mbili. Kwa hiyo aliyehama si mtumwa, bali ni mdaiwa. Deni lake halilipwi kwa fedha peke yake. Hulipwa kwa kumkumbuka mama mzee, kwa kutoionea haya lugha ya baba, kwa kufika siku ya msiba.

Naye aliyebaki ana deni lake. Asimlaani nduguye, wala asimngojee kwa ajili ya mfuko wake tu.

Hata leo kijana hutoka kijijini kwenda Lubumbashi kutafuta kazi. Asiulizwe kwanza: Kwa nini umekwenda? Na aulizwe: Umemwachia nani kasia lako, nawe wamsaidiaje? Aliye mbali na alete salamu. Aliye nyumbani na asifunge mlango.