Mtende Juu ya Mlima

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Zab. 92, Kum. 34:3, Amu. 4:4, 5, 1 Fal. 6:29–35, Mit. 4:23; Yer. 17:5–8.

Fungu la kukariri: Zab. 92:12, 13.

SABATO MCHANA

Minazi ya Mikindani na Lindi haihitaji kubembelezwa. Joto lipo mwaka mzima, na maji hayako mbali chini ya mchanga. Lakini ukiiacha pwani na kufika Masasi, umeingia nchi ya mikorosho na miembe. Kutoka Lupaso ukipandisha kuelekea Newala, mnazi utauona mmoja mmoja tu, uani kwa mtu, na mwenye nao anajua umemgharimu nini. Mvua huku ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Udongo wa uwanda wa Makonde haushiki maji, na ndiyo sababu kwa vizazi vingi akina mama waliteremka mabondeni kuteka maji na kupanda tena na mzigo kichwani. Mwezi wa Juni na Julai upepo wa baridi unavuma. Mnazi haupendi hata kimoja kati ya hivyo.

Hata hivyo mti huo upo. Aliyeupanda alichimba shimo kubwa, akafukia makumbi chini ili yatunze unyevu, akaweka samadi, akausubiri mwanzo wa mvua. Kiangazi akaumwagilia maji ambayo nyumbani yalihitajika kwa kazi nyingine. Mnazi mrefu wa pwani huanza kuzaa baada ya miaka sita hivi au zaidi. Wa huku juu humchelewesha mwenyewe kuliko hapo.

Juma hili tunajifunza zaburi iliyoandikwa kwa ajili ya mti wa namna hiyo.

MTI USIO WA MAHALI HAPO

Soma Zab. 92:12–15. Mwenye haki anafananishwa na miti gani miwili? Miti hiyo imepandwa wapi?

Tumezoea kusoma mafungu haya haraka, kwa kuwa ni mazuri. Tusimame kwenye neno "mtende." Mtende ni mti wa joto. Katika nchi ya Israeli makao yake yalikuwa Yeriko, mji ambao Biblia inauita kwa jina la mitende (Kum. 34:3). Yeriko uko chini ya usawa wa bahari kwa mita zipatazo 250, penye joto na chemchemi. Yerusalemu uko juu milimani, mita 750 hivi juu ya usawa wa bahari, kimo kisicho mbali sana na cha uwanda wetu wa Newala. Miaka mingine theluji huanguka huko. Mtende unaweza kuishi Yerusalemu, lakini tende zake haziivi vizuri kwa sababu ya baridi.

Sasa tazama mwandishi wa zaburi alivyofanya. Ameutoa mtende Yeriko na kuupanda kwenye nyua za nyumba ya Mungu, juu ya mlima. Kisha anasema utasitawi, na hata katika uzee utaendelea kuzaa. Mkulima yeyote wa Yeriko angetikisa kichwa. Anayeahidi matunda hapa ni Mungu. Hali ya hewa haikuahidi chochote.

Mfano mwingine ni Debora. Aliketi chini ya mtende kati ya Rama na Betheli, katika nchi ya milima ya Efraimu, na watu wakamwendea wapate hukumu (Amu. 4:4, 5). Mti ule uliitwa kwa jina lake. Yeriko, penye mitende mingi, mti mmoja usingetosha kumwelekeza mgeni. Kule milimani ulitosha, kwa kuwa mitende ilikuwa adimu.

Wengi wetu katika sehemu hizi tunaishika Sabato tukiwa wachache. Binti ni Msabato peke yake katika nyumba ya watu kumi. Mkulima anaambiwa zamu yake ya kupeleka korosho ghalani ni Jumamosi, na mvua za kwanza zinanukia. Mwanafunzi anapangiwa mtihani siku hiyo hiyo. Maombi yetu ya kwanza huwa ni kuhamishwa: tupelekwe Yeriko, mahali penye Wasabato wengi, ambapo hakuna wa kutuuliza. Si vibaya kuomba hivyo. Lakini Debora hakuhamishwa, na waliokuwa na mashauri walijua pa kumpata.

MOYO MMOJA

Soma Mit. 4:23. Kwa nini moyo unatakiwa kulindwa kuliko vyote?

Mwembe ukikatwa matawi unachipua upande mwingine. Mnazi na mtende haviko hivyo. Kila shina lina kichwa kimoja cha kukulia, pale juu katikati ya makuti, na wakulima wengine wanakiita moyo. Shina likikwaruzwa, mti unaendelea. Makuti yakinyauka kwa kiangazi, mengine yatatoka. Moyo ukifa, shina hilo limekwisha, hata kama makuti bado ni mabichi kwa majuma kadhaa. Chonga, yule mdudu mwenye pembe, hashughuliki na shina. Anatoboa pale juu.

Huko Uingereza kuna watu wanaopanda nje ya nyumba jamii ya mitende iliyotoka milima ya Uchina, nayo inavumilia theluji. Baridi ikizidi, watunzaji makini huyakusanya makuti na kuyafunga pamoja, kisha huufunika moyo kwa majani makavu au kitambaa. Wanajua makuti yanaweza kuungua kwa baridi. Wanachokilinda ni moyo.

Zaburi 92 ina kichwa kinachoitaja siku ya Sabato. Katika zaburi zote 150, hii peke yake imetajiwa siku hiyo. Basi siku ya Bwana si mzigo wa ziada kwa mti unaoishi mahali pagumu. Ndiyo maji ya kiangazi, na ndicho kitambaa kinachofunika moyo. Anayeiacha msimu mmoja ili kuokoa mauzo atabaki na makuti mabichi, atahesabiwa kanisani, pengine ataongoza hata nyimbo. Hatuandiki haya kumhukumu mtu aliyelemewa na ada za watoto. Tunaandika kwa sababu moyo ni mmoja tu, na kuukausha ni jambo la polepole lisilopiga kelele.

Soma pia fungu la 7. Waovu huchipuka kama majani. Kila mtu wa Masasi anayajua majani ya Desemba: juma mbili za mvua, na njia zimefunikwa. Anajua pia yanavyokuwa mwezi wa Agosti, moto wa porini unapopita. Mtende katika Desemba ile ile hauonyeshi tofauti yoyote kwa anayepita njiani.

MASWALI YA KUJADILI

1. Linganisha Yer. 17:5, 6 na fungu la 7 na la 8. Joto linawajia wote wawili. Tofauti iko wapi?

2. Sulemani alichonga mitende kwenye kuta na milango ya hekalu (1 Fal. 6:29–35). Aliyepanda kutoka bondeni kuabudu aliona nini alipoifikiria mitende hiyo?

3. Kuna mshiriki wa kikundi chenu aliyekosa Sabato nyingi msimu uliopita wa korosho. Ni nani alimtembelea, na alimpelekea nini? Kabla ya kufunga kipindi, kubalianeni nani atakwenda juma hili, na siku gani.